Mpagazi na Jora la Akida

Kila nikikutana nanyi vijana swali ni lile lile: Mzee Remigi, kwa nini Mpagazi wa katuni zako ana upara? Juzi mmoja kanisimamisha sokoni hapa Ifakara, kambale wangu bado anatikisa mkia mkononi, hata salamu hajatoa. Nikamwambia salamu kwanza, maswali baadaye. Aliponisalimu nikamjibu ukweli, naye akanuna, maana nadhani alitaka jibu kubwa kuliko lile.

Upara ule ulitokana na stensili, hakuna siri nyingine. Nyinyi mnachora kwa kidole kwenye kishikwambi, mkikosea mnafuta, mkichoka mnakizima. Sisi tulichora kwenye karatasi laini iliyopakwa nta. Unashika kalamu yenye ncha ya chuma, unakwaruza, nta inatoka, na pale ilipotoka ndipo wino unapopenya ukiizungusha kwenye mashine ya kurudufu. Ila ukikwaruza mno sehemu moja, karatasi inatoboka. Na nywele zikitakiwa ziwe nyeusi tititi, hakuna njia nyingine ila kukwaruza mno. Toleo la kwanza nilimpa Mpagazi nywele za kujidai. Hatujafika mbali stensili ikachanika kisogoni, kipande cha kichwa kikanasa kwenye ngoma ya mashine, na kuanzia hapo shujaa wangu akawa anatoka hana kichwa kabisa. Mzee Salehe, mwenye mashine, akaitazama nakala ile, akasema neno moja tu.

"Mnyoe."

Nikamnyoa, na akabaki hivyo matoleo yote manane. Baadaye msomaji mmoja wa Mchombe aliniandikia barua ndefu kueleza kwamba Mpagazi alinyolewa na Wajerumani ili wamwondolee nguvu, wasijue kwamba nguvu zake ziko kwenye fuvu. Barua nzuri sana. Niliitunza, na kwa miaka mingi watu wakiniuliza nilijifanya kwamba ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Sasa nimestaafu, macho yamechoka, sina haja ya kudanganya tena.

Mzee Salehe huyo alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Ukoo wao ulitoka pwani zamani, kabla ya hata babu yangu kuzaliwa. Alichapa mitihani ya shule, kadi za harusi, na karatasi za nyimbo za kanisani kwetu. Mwislamu yule hakukosa swala hata moja, lakini nyimbo za Pasaka alizijua kuliko sisi tuliobatizwa, kwa sababu alizisahihisha neno kwa neno. Akizungusha mkono wa mashine alikuwa anaziimba chinichini, na ukimtupia jicho ananyamaza, anajifanya anakohoa.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na minne, nimetoka kufukuzwa kazi ya kuchora mabango ya maduka. Kosa langu lilikuwa kumchorea mwenye bucha ng'ombe anayecheka. Mwenye bucha alisema wateja wakimwona ng'ombe yule wanamwonea huruma, wanakwenda kununua dagaa. Mzee Salehe alipoisikia habari hiyo hakucheka. Alinipa stensili iliyoharibika na kalamu, akaniambia nichore mstari mmoja kutoka juu mpaka chini bila kutetemeka. Nilichora mistari siku nne. Siku ya tano akaniruhusu kuchora duara.

Aliyonifundisha yule mzee sijayakuta kwenye semina yoyote mnayoitwa siku hizi. Kwamba usichore umeshiba sana, mkono unakuwa mzito. Kwamba joto la Ifakara la mwezi wa kumi na moja linalainisha nta mpaka mstari mmoja unahamia kwa mwenzake, kwa hiyo stensili zetu tulizilaza ndani ya mtungi mtupu uliozikwa nusu kwenye mchanga wa baridi. Kwamba wakati wa masika karatasi zinavuta unyevu na kuingia mashineni mbili mbili, hivyo uzianike kwanza. Tulizianika kwenye jamvi, pembeni ya mpunga wa jirani. Kuku wakapita. Mkiliona toleo la tatu lina alama za vidole vitatu vitatu, msianze kutafuta maana, ni kuku wa jirani. Harufu ya wino ule, wanangu, ilikuwa inakaa kwenye nguo mpaka Jumapili kanisani watu wananisogea mbali, nami nilikuwa naipenda. Ningepewa chupa yake leo ningeinusa kila asubuhi.

Wasomaji nao walikuwa walimu. Toleo la pili, Mpagazi anarudi kulipiza kisasi kwa askari aliyempiga viboko. Nilichora anaupiga teke mlango, unapasuka vipande, anaingia. Nikapeleka nakala mnadani Kiberege kwa baiskeli, nikijua nitabebwa juu juu. Mama mmoja muuza vitunguu akasomewa na binti yake, akaniita. Akaniuliza, "Huyu mtu wako kalelewa wapi? Anaingia nyumba ya watu bila hodi?" Nikamwambia mama, amekuja kupigana. Akasema, "Apigane, nani kamkataza? Lakini kwanza abishe hodi. Ndani kuna mke wa mtu." Watu wote waliokuwa pale wakamuunga mkono, hata wanaume. Kuanzia toleo la tatu Mpagazi akawa anabisha hodi mara tatu, anasubiri, halafu ndipo anavunja. Watoto wa shule wakaupenda mchezo huo kuliko mapigano yenyewe.

Sasa niwaambie hadithi ile niliipata wapi, maana wengi mnadhani niliitunga. Mimi nilitunga ngumi tu. Hadithi ilikuwa ya Bibi Filomena, mama mzazi wa baba yangu, aliyeolewa Kisawasawa na akazeekea huko huko.

Bibi alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, wakati wa Mjerumani. Kila kundi la vijiji lilikuwa na akida, mtu wa serikali, ndiye aliyekusanya kodi na kuchagua nani akabebe mizigo. Siku moja akida wa kwao akamchagua baba yake Bibi awe mpagazi, abebe majora ya kitambaa cha marekani kutoka mtoni mpaka bomani. Walipofika, majora yakahesabiwa, moja halipo. Akida akasema mpagazi yule amelificha porini. Wakamlaza chini mbele ya watu, mbele ya watoto wake, wakampa hamsa ishirini, ndivyo walivyoviita viboko ishirini na tano vya Mjerumani. Kisha wakamfunga mnyororo wa shingoni na wenzake, wakampeleka kazi za serikali. Bibi alikuwa na miaka kama tisa. Haukupita muda vita vya Maji Maji vikaanza, na baba yake hakurudi tena. Baada ya vita ikaja njaa, na kaka yake Bibi akafa kwa njaa ile.

Kilichobaki ni jina. Bibi aliitwa mtoto wa mwizi. Aliitwa hivyo akiwa binti, aliitwa hivyo akiwa mama wa watoto watano. Alikuwa akienda kuzika kwao, kuna wanawake wanasogeza vikapu vyao karibu na miguu. Bibi aliniambia habari ya vikapu hivyo mara nyingi kuliko habari ya viboko.

Alipoona sasa naweza kuchora na kuchapa, akaniita. "Mchore baba yangu," akasema. "Mchore watu wajue hakuiba. Mimi najua hakuiba, lakini sina shahidi. Wote wamekufa."

Na mimi kijana mwenye damu moto nikachora jitu. Mikono kama magogo, kifua kama mlango wa ghala. Katika katuni yangu Mpagazi anatupwa mtoni na minyororo yake, anazama, halafu anaibuka ana nguvu za watu mia, anaanza kuwarudia mmoja mmoja waliomdhulumu: askari, karani, jumbe, na mwisho kabisa akida. Nikampelekea Bibi toleo la kwanza. Akalitazama sana.

"Huyu nani?"

"Baba yako, Bibi."

"Baba yangu alikuwa mwembamba. Mbavu zilikuwa zinahesabika." Akafunua ukurasa mwingine. "Na hizi ni nini?"

Nikamweleza kwamba askari wanampiga risasi, na risasi zikimfikia zinageuka matone ya maji. Bibi akanirudishia kitabu.

"Hazikugeuka," akasema. "Nilikuwepo."

Nawaambieni, nilisikia neno hilo na bado nikaendelea kuzigeuza, toleo baada ya toleo, kwa sababu watoto wa shule walizipenda. Naona aibu mpaka leo. Lakini Bibi hakunikataza. Yeye alichokuwa anangoja ni toleo la mwisho, siku Mpagazi atakapofika kwa akida na watu wakaambiwa jora lilikuwa wapi.

Akida huyo nilikuwa simjui sura wala mavazi. Nilimchora mara ya kwanza kama sheikh tu, kanzu na kofia. Mzee Salehe akaitazama stensili dirishani, akatikisa kichwa. "Kanzu sawa. Lakini juu yake palikuwa na koti jeusi, vifungo vitano. Na mwavuli, hata siku ya jua kali. Na hakutembea mbele, alitembea nyuma ya mizigo, aione." Nikasahihisha. Toleo lililofuata akanisahihisha namna akida alivyoshika fimbo. Lililofuata, namna nyumba yake ilivyoelekea. Mimi nilifurahi kupata mtu anayejua mambo ya kale. Haikunijia hata siku moja kumuuliza anajuaje, kwa jinsi nilivyokuwa na kiherehere cha kusifiwa mnadani.

Toleo la nane nililichora kwa wiki tatu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa fahari yangu. Mpagazi anabisha hodi mara tatu. Hakuna anayejibu, kwa sababu akida amejifungia ndani na watu wa nyumba yake. Basi Mpagazi anachukua moto, anatia kwenye paa la nyasi, anasimama amekunja mikono nyumba ikiteketea na wote waliomo. Miali ile niliikwaruza mstari mmoja mmoja, bila kutoboa hata mahali pamoja. Dirishani nilibaki na nafasi tupu, nikaijaza kwa kuchora mtoto anachungulia.

Mzee Salehe alizipokea stensili, akaziinua moja moja kwenye mwanga. Alipofika ya mwisho akaiweka mezani. Hakuitia mashineni.

"Hii sichapi."

Nikadhani nimekosea herufi. "Kuna nini, Mzee?"

"Kuna mtoto dirishani."

"Nilijaza nafasi tu."

"Huyo ni baba yangu," akasema.

Nilicheka, wanangu. Nilidhani ni utani. Kisha nikamwona jinsi alivyoshika ukingo wa meza, nikaacha kucheka. Akaniambia yote pale pale, amesimama. Akida yule alikuwa babu yake, baba wa baba yake. Alimtambua tangu toleo la kwanza, kwa kijiji, kwa jora, kwa viboko. Kwa miezi kumi na nne alikuwa akinisaidia kumchora babu yake mwenyewe, kifungo kwa kifungo.

"Mbona ulichapa?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ni kweli."

"Basi hata kuchomwa ni haki."

"Babu mchome," akasema. "Mtoto alikuwa na miaka sita."

Hasira ikanipanda. Nikamwambia kwamba kule ng'ambo kulikuwa na mtoto mwingine wa miaka tisa, na hakuna aliyesema mwacheni baba yake. Nikamwambia hadithi si yangu, ni ya Bibi, sina ruhusa ya kuwasamehe watu wa nyumba ile. Nikakusanya stensili zangu, nikatoka bila kuaga. Hilo la kutoka bila kuaga liliniuma kabla sijafika hata barabarani, lakini ujana una kiburi chake, sikurudi.

Wiki ikapita. Hapakuwa na mtu mwingine wa kunichapia. Mashine nyingine niliyoijua ilikuwa ya ofisi, ya kuchapia barua na taarifa, hakuna ambaye angeniruhusu kuingiza jitu lenye upara mle. Bibi akatuma salamu mara mbili kuuliza toleo la mwisho liko wapi. Nami nilikaa na stensili ndani ya sanduku, joto linazila kidogo kidogo, na ukweli nilikuwa namkosa yule mzee. Nilizoea asubuhi kusikia anaimba nyimbo zetu chinichini. Nilijua kabisa kwamba ama nitampoteza aliyenifundisha kazi, ama Bibi atakufa akiitwa mtoto wa mwizi, na sikuona njia ya tatu.

Siku ya nane Mzee Salehe akaja kwangu kwa baiskeli, amevaa kanzu safi. Hakuniomba radhi wala hakunidai radhi. Alisema, "Nipeleke kwa bibi yako."

Tulimkuta Bibi uani kwake Kisawasawa, anapepeta mchele. Nikamsalimu, nikamwambia mgeni ni nani. Niliambiwa na moyo wangu nizungukezunguke kwanza, nikashindwa, nikasema moja kwa moja: huyu ndiye mwenye mashine, na huyu ni mjukuu wa yule akida.

"Shikamoo, mama," Mzee Salehe akasema.

Bibi aliendelea kupepeta. Hakujibu. Mnajua uzito wa jambo hilo? Mtu wa miaka hamsini na kitu, mvi zimejaa, amesimama na shikamoo yake hewani na hakuna anayeipokea. Hakuirudia, na hakukaa. Ungo ukawa ndio unaosikika peke yake.

Mwishowe Bibi akasema bila kuinua macho, "Unajua kusoma?"

"Najua, mama."

"Lete kile cha kwanza. Nisomee."

Nikamtolea toleo la kwanza. Akasoma amesimama vile vile. Alisoma mizigo mtoni, akasoma safari, akasoma majora yalivyohesabiwa na moja kukosekana. Akafika kwenye viboko. Hapa lazima niwaeleze jambo la kazi yetu. Ukurasa wangu ulikuwa na viboksi sita, huwezi kuchora kila kitu. Kwa hiyo nilichora kiboko cha kwanza, nikachora cha pili, halafu kiboksi cha tatu nikaandika ishirini na tano, mtu amelala hajiwezi. Msomaji anajaza mwenyewe yaliyo katikati. Huo ndio ufundi, na nilikuwa najivunia.

"Kimoja," Mzee Salehe akasoma. "Viwili. Ishirini na tano."

Bibi akaweka ungo chini.

"Kutoka viwili unaruka mpaka ishirini na tano?"

Nikadakia. "Bibi, ndivyo tunavyochora. Nafasi haitoshi."

"Sijakuuliza wewe. Mimi nilikuwepo. Hakuna aliyeruka." Akamtazama Mzee Salehe kwa mara ya kwanza. "Visome vyote."

Na yule mzee akavisoma, vile ambavyo sikuvichora. Vitatu. Vinne. Vitano. Alivisoma polepole, kila kimoja na nafasi yake, macho yake kwenye karatasi ambayo haikuwa na kitu. Kwenye kumi na saba sauti ikamkatika. Bibi hakumwambia aache na hakumwambia aendelee. Akasubiri. Mzee Salehe akasema kumi na nane. Mimi mkono wangu niliutazama, ule uliozoea kusifiwa, nikaona aibu nao. Alipofika ishirini na tano akafunga kitabu.

"Mama," akasema, "kuna jambo halimo humu, kwa sababu mjukuu wako halijui. Jora halikupotea. Babu yangu alilitoa kwenye mzigo kabla wapagazi hawajaondoka mtoni. Lilikuwa nyumbani kwetu. Baba yangu alishonewa kanzu ya Idi kwa kitambaa kile. Aliniambia mwenyewe alipokuwa mgonjwa, ule ugonjwa uliomwondoa. Alisema aliivaa siku nzima na watu wakamwambia amependeza. Alipokuwa mkubwa ndipo alipojua. Hakujua mpagazi alikuwa nani wala watoto wake wako wapi. Mimi nilimtambua kwenye karatasi nilizochapa."

Bibi akajisogeza mbele kwenye kigoda chake.

"Rudia," akasema.

"Baba yako hakuiba, mama."

Bibi yangu akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika babu. Alilia kwa sauti kama binti mdogo, amekaa palepale kwenye kigoda na pumba zimemjaa mapajani, na mimi nikalia, na Mzee Salehe akageuka akatazama milima ya Udzungwa, mabega yakimtikisika. Bibi alipojifuta uso kwa khanga yake alivuta kigoda cha pili.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kaa."

Ndipo nikamweleza ukurasa wa mwisho, moto na mtoto dirishani, nikamuuliza nifanyeje. Nilidhani atasema tusamehe yote. Nyinyi hamkumjua Bibi Filomena.

"Mtoto mtoe nje," akasema.

"Na nyumba?"

"Nyumba ichome."

Mzee Salehe akaitikia kwa kichwa. "Ichomwe, mama."

"Na akida?" nikauliza.

Bibi akafikiri. "Mwache asimame nje na mwavuli wake, atazame. Lakini lile jora lisiungue. Baba yangu alitoe, aliweke mbele ya watu walione."

Nilichora upya kwa siku mbili. Mpagazi anatoka motoni, mkono mmoja amembeba mtoto, mkono mwingine amebeba jora begani. Nilimpunguza mikono kidogo, na mbavu nikazionyesha. Yule msomaji wa Mchombe aliandika barua ya hasira, akisema Mpagazi amekuwa mwoga mwishoni na fuvu lake limeishiwa nguvu. Mtu huwezi kumfurahisha kila mmoja, na kwa kweli sikuijibu barua ile kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Nakala zilipokauka Bibi akasema apelekwe kwao, ng'ambo. Alikuwa amevuka sabini. Tukapanda lori la mpunga mpaka kivukoni, tukavuka, na kutoka hapo nikampakia Bibi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mimi nasukuma. Mzigo wa vitabu ukabaki chini. Nikamwambia Mzee Salehe tuuache kwa mwenye kibanda pale kivukoni, lori lingine litauleta kesho. Akakataa. Alikunja kanzu yake, akatafuta majani akatengeneza kata, akajitwika mzigo kichwani. Hakuwa mtu wa kazi hizo. Shingo ilikuwa inatetemeka, kofia imelowa jasho, na kila nilipogeuka kumwangalia aliniambia nitazame mbele. Alitembea hivyo mpaka kijijini.

Tuliwakuta wazee wamekaa kwenye benchi nje ya ghala la mpunga, na katikati yao Mzee Gaspa, rika la Bibi, ambaye alimwita mtoto wa mwizi tangu wakiwa wadogo. Binti mmoja wa shule akawasomea toleo la mwisho kwa sauti. Watu wakajaa. Alipomaliza, Mzee Gaspa akanyoosha mkono, akachukua nakala, akaigeuza nyuma na mbele.

"Hii ni katuni," akasema. "Mtu anachora anachotaka. Leo mtu haungui moto, kesho ataruka angani. Shahidi yuko wapi?"

Bibi alikuwa bado kwenye baiskeli, ameshika shati langu kwa nyuma, nikasikia vidole vyake vinakaza.

Mzee Salehe akautua mzigo chini taratibu. Akajifuta jasho usoni kwa ncha ya kanzu.

"Shahidi ni mimi," akasema. "Akida alikuwa babu yangu. Jora lilikuwa nyumbani kwetu."

Mzee Gaspa akamtazama mtu yule, akautazama mzigo aliokuja nao kichwani. Halafu akainuka kidogo, akasogea pembeni kwenye benchi.

"Filomena," akasema, "njoo ukae hapa."